Kuhusu chekechea ya mtoto wa miaka minne

Pole dadangu, nimekusoma: ada ya nasari imekushinda na kibarua chenyewe ni cha kubahatisha. Hapa Mombasa kuna Madrasa Early Childhood Programme ya Aga Khan Foundation, ilianza miaka ya 1980, ila hao hawagawi pesa mkononi, wanafunza walimu na kusaidia jamii iendeshe chekechea yake, kwa hivyo ulizia msikitini au kwa mzee wa mtaa iliyo karibu ni ipi. Beba cheti cha kuzaliwa. Omba ulipe kidogo kidogo, mimi nilikubaliwa. Mtoto wangu huko chekechea alikuwa akipanga vizibo vya soda kutwa, kumbe ndo hesabu hiyo, usicheke! Mtu akitaka hela ya fomu kwa M-Pesa kabla hujaona darasa, achana naye. Na kama mtoto wako bado haongei vizuri, mpeleke kliniki kwanza.