Maswali Yenu: Kiongozi kajaza fomu ya mali, nani anaikagua?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kila mwaka tunasikia viongozi wametangaza mali zao, wamejaza fomu, wamesaini, yameisha. Mi nauliza, hivi kuna mtu anakaa chini kuangalia kama walichoandika ni kweli au inaingia kabatini tu?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na wasiwasi wako ni wa haki kabisa, maana sehemu nyingi kinachoangaliwa ni kama fomu imejazwa yote na imefika kwa wakati, basi. Mtu analeta fomu safi ina saini kila ukurasa kumbe nyumba tatu hazimo.

Kukagua kwenyewe ni kulinganisha. Unachukua fomu ya mwaka huu na ya mwaka jana, unaangalia mshahara wake na mikopo yake, halafu unaenda kwenye rekodi za kodi, ardhi, magari, kampuni, benki, na kama mali imepanda kuliko kipato hapo ndo anaulizwa imetoka wapi. Ofisi isiyokuwa na mamlaka ya kuomba hizo rekodi itabaki kutunza makaratasi tu hata wafanyakazi wake wawe waaminifu vipi.

Ufaransa walilijua hili kwa aibu. Jérôme Cahuzac alikuwa waziri wa bajeti, yaani yeye ndo wa kupambana na wakwepa kodi, Desemba 2012 akasema bungeni kwamba hana akaunti nje ya nchi, Aprili 2013 ameshaacha uwaziri akakiri anayo. Mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyounda mamlaka huru inaitwa HATVP, mawaziri na wabunge wanapeleka matamko huko na wakaguzi wanayalinganisha na taarifa za idara ya kodi. Hapo wamefanya vizuri sana. Ila kuna kitu kinaniudhi, tamko la mali la mbunge mpiga kura anaenda kulisoma kwenye ofisi ya serikali na akilitangaza anaweza kupigwa faini ya yuro 45,000, sasa huo uwazi wa nani?

Marekani wao wanaweka mtandaoni, na sheria ya STOCK ya 2012 inamtaka mbunge aliyenunua au kuuza hisa za zaidi ya dola 1,000 aripoti ndani ya siku 45. Akichelewa faini ya kawaida ni dola 200. Dola 200 kwa mtu anayechezea hisa za mamilioni! Na wanaosimamia ni kamati za maadili za wabunge wenyewe, wanakaguana wao kwa wao, mi hilo sikubaliani nalo hata kidogo.

SWALI: Na akiandikisha mali kwa jina la mke au shemeji?

JIBU: Mke, mume na watoto wadogo sheria nyingi zinawagusa. Shemeji na rafiki ndo pengo kubwa, na hapo dawa ni rejista inayoonyesha mmiliki halisi wa kampuni, siyo jina la kwenye karatasi tu. Kwa sasa andikia ofisi inayopokea matamko huko kwenu uwaulize mawili: mwaka jana mlikagua kwa undani mangapi, na mangapi mliyapeleka kwa wachunguzi. Jibu ukilipata, tutumie tulichape.