Ni wasiwasi, au ni ADHD iliyochelewa kuonekana?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 36, ni mhasibu. Mwezi uliopita mwanangu wa kiume wa miaka 9 aligundulika kuwa na ADHD, lile tatizo la kukosa umakini na utulivu linaloanza utotoni. Mtaalamu alipokuwa akituuliza maswali kuhusu mtoto, nikajikuta najieleza mimi: kupoteza vitu, kuanza mambo bila kuyamaliza, kudakia watu maneno. Nikajaza dodoso la maswali 6 mtandaoni, likasema "uwezekano mkubwa". Lakini miaka miwili iliyopita niliambiwa nina tatizo la wasiwasi, na shuleni nilikuwa nafaulu vizuri tu. Sasa hili ni wasiwasi, ni ADHD, au najitafutia ugonjwa? Kuna kipimo cha damu au picha ya ubongo ya kunipa jibu? Na nikijaribu kidonge kimoja cha mwanangu nione kama kinanisaidia, kuna ubaya?

Jibu: Marahaba dada. Nianze na la mwisho maana haliwezi kusubiri: usimeze dawa ya mtoto. Dawa za kuchangamsha ubongo zinazotumika kwa ADHD, methilifenideti ikiwemo, zinaweza kupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, ndiyo maana mtu hupimwa kwanza kabla ya kuandikiwa. Kwa baadhi ya watu huchochea wasiwasi. Isitoshe, jaribio lenyewe halithibitishi kitu. Watu wengi wasio na ADHD kabisa wakizimeza nao huhisi wamechangamka na kazi inakwenda. Ungepata jibu la uongo, na mtoto akapungukiwa dozi.

Kipimo cha damu cha ADHD hakuna, wala picha ya ubongo. Ukiona daktari amekuandikia vipimo vya damu, anatafuta mengine yanayofanana nayo, kama matatizo ya tezi ya thairoidi au upungufu wa damu.

Kuhusu dodoso: la maswali 6 linalotumika sana ni sehemu ya kwanza ya dodoso la maswali 18 lililotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Kazi yake ni kuchuja tu. Ni wavu wa matundu madogo: samaki unayemtaka haponyoki kirahisi, ila na majani nayo yanakuja humo humo. Aliyefiwa majuzi, asiyelala usiku, mwenye sonona, wote wanaweza kutiki visanduku vilevile ulivyotiki wewe. Hujajitafutia ugonjwa, lakini pia bado hujapimwa.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Dalili zako ukiziangalia kwa nje hazitakuambia ni kipi, kwa hiyo hebu tuingie ndani. Chukua ripoti ya mwisho wa mwezi iliyotakiwa saa sita na haikufika. Mwenye wasiwasi ameimaliza tangu asubuhi. Anaisoma mara ya tano, anahakiki jumla ambayo alishaihakiki, anaona kosa moja litamfukuzisha kazi, kidole kiko kwenye kitufe cha kutuma na hakishuki. Mwenye ADHD amefungua faili, akaona chaji ya simu inaisha, akaenda kutafuta waya, kwenye droo akakuta risiti za mwezi uliopita, akaanza kuzipanga, na zoezi hilo likamnoga. Saa saba anarudi mezani, anashangaa kuona faili bado liko ukurasa wa kwanza. Mwenye sonona ameketi mbele ya faili hilohilo na haoni sababu ya kuandika hata mstari. Bosi anachokijua ni kimoja: ripoti haipo. Kwa hiyo siku ikikutokea, andika kilichokuwa kinapita kichwani mwako dakika zile. Karatasi hiyo itamsaidia atakayekupima kuliko alama za dodoso.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao wataalamu wenyewe hunaswa nao: yote mawili kuwepo, moja likiwa limezaliwa na jingine. Mtu anayesahau tangu utotoni, akagombezwa na kuaibika mara nyingi, hujifunza kuishi kwa hofu. Anarudi kuangalia mlango mara tatu, lakini si kwa kuwazia wezi. Ameshaukuta wazi kweli, tena zaidi ya mara moja! Kwa mtu kama huyo hofu ndiyo saa ya ukutani, ndiyo daftari la kumbukumbu. Akitibiwa wasiwasi akatulia, huja kuniambia, "Daktari, sasa nalala vizuri, ila bili nazisahau kuliko zamani." Sentensi hiyo ina thamani kubwa sana kliniki. Je, wewe miaka hii miwili hofu imepungua na usahaulifu ukabaki palepale?

Kigezo kinachotusaidia zaidi kutenganisha ni historia. Mwongozo wa DSM-5, kitabu cha Marekani cha vigezo vya kutambua magonjwa ya akili, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12 (toleo la kabla ya 2013 lilidai kabla ya miaka 7), tena katika mazingira mawili au zaidi, si kazini peke yake, na ziwe zinaharibu maisha kweli. Dalili ziko makundi mawili, la kukosa umakini na la kukosa utulivu na kufanya mambo kwa papara; kwa mtu mzima zinatosha 5 kati ya 9 za kundi moja. Mtoto anahitaji 6. Wasiwasi nao unaweza kuanza utotoni, lakini aghalabu hupanda na kushuka kufuatana na kinachoogopwa. ADHD inakufuata hadi likizo.

Na kufaulu hakukutoi. Ninachotaka kujua ni ulifaulu kwa gharama gani: kukesha usiku wa kuamkia mtihani, dada anayekukumbusha madaftari, akili inayokimbia kiasi cha kuziba mapengo. Wasichana wengi hawarukiruki darasani. Wanatazama dirishani, hawamsumbui mtu, na hakuna anayeshtuka. Wengine hugundulika mtoto wao anapogundulika, kama wewe. Tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi kati ya asilimia 70 na 80, ila usiisome namba hiyo kuwa ndiyo uwezekano wako wewe kuwa nayo. Inaeleza tofauti kati ya watu kwa ujumla wao.

Omba miadi kwa daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba anayeona watu wazima. Tegemea mazungumzo marefu, huenda zaidi ya mara moja. Beba ripoti za shule ukizipata, na usiishie kwenye alama, soma maoni ya walimu pembeni. Mweleze pia unavyolala, dawa unazotumia, na ule utambuzi wa wasiwasi usiufiche.

Kabla ya siku hiyo ongea na mama, au yeyote aliyekulea. Usimuulize kama ulikuwa na ADHD. Atakwambia ulikuwa mtoto mzuri na mtaishia hapo. Muulize hivi: nikitumwa vitu vitatu, nilikuwa narudi na vingapi?