Anzieni ofisi ya Bonde la Pangani

Dada, umeuliza kama serikali inaweza kukishika mkono kikundi chenu kinachosafisha Mto Rau. Inaweza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapo hapo Moshi. Nendeni mkaulizie usajili. Ila msiende mikono mitupu: pigeni picha lile povu la sabuni wanapooshea pikipiki, na pampasi zilizonasa kwenye mizizi. Sisi huku Arusha, Mto Themi, picha zilitusaidia kuliko barua tatu. Na zile mita 60 kutoka ukingoni zinalindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004. Waelezeni wanaolima bondeni, kwa upole, ni majirani zenu.