Mwanangu, ngozi yako haijaharibika

Mwanangu,

Salamu kutoka Tanga. Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Umeniuliza kwa nini huko Minneapolis, Marekani, ukitoka nje mwili unasisimka na kuota vipele kama kuku aliyenyonyolewa, miguu inapauka hata ukipaka mafuta, na nywele zinakatika. Ukauliza pia kama ngozi yetu haikuumbwa kwa baridi. Hilo la mwisho limenigusa, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Ngozi yako inafanya kazi ileile iliyokuwa ikiifanya hapa, ya kulinda lile joto la nyuzi 37 lililomo mwilini. Hapa ilikuwa inalitoa nje. Mishipa ya karibu na ngozi ilitanuka, damu ya moto ikaja juu, jasho likatoka, na jasho likikauka huondoka na joto. Wakati wa kaskazi hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, jasho halikauki. Unaloa na bado unaungua, na watoto wanatoka harara kwa kuwa vijitundu vya jasho vimeziba.

Huko mishipa inajibana ili damu ya moto ibaki ndani, kwenye moyo na viungo vikubwa, kwa hiyo vidole ndivyo vinavyoumia kwanza. Na vile vipele, mama, mimi katika miaka yote ya kufundisha baiolojia sijaacha kuvistaajabia. Karibu kila unywele wa mwilini una kimsuli kwenye shina lake. Baridi ikikupiga, kimsuli kinajikunja, unywele unasimama na ngozi ya pale inatuna. Huwezi kukiamuru wala kukizuia. Paka akisimamisha manyoya ananasa hewa katikati yake, na hewa hiyo inamkinga. Malaika za mwilini mwetu ni haba mno, hazinasi kitu, lakini kimsuli tumebaki nacho. Tazama viganja na nyayo zako: hapaoti nywele, basi hutaona kipele hata kimoja.

Kuhusu kupauka, unailaumu baridi peke yake, na mimi naona hita ina lawama kubwa zaidi. Hewa ya baridi kali hubeba maji machache sana. Ikiingia ndani na kupashwa moto, maji yake hayaongezeki, ila uwezo wake wa kunyonya unaongezeka, nayo inanyonya kwenye ngozi, midomo na nywele zako. Kwenye weusi wetu ukavu unaonekana mapema, lakini wenyeji wa huko nao wanapasuka midomo na visigino. Nao wanaishi kwa koti na moto wa ndani, kama wewe. Oga kwa maji ya uvuguvugu, usikawie bafuni, na mafuta ya mgando yapake ngozi ikiwa bado ina majimaji. Mafuta hayo hayana maji. Kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasitoke.

Nywele za kipilipili hukauka upesi kwa sababu mafuta ya kichwani hayashuki kwa urahisi kwenye mikunjo yake, na penye mkunjo ndipo zinapokatika. Zisuke, zipake mafuta, na ndani ya kofia ya sufu shonea kitambaa cha satini. Wala usizichukie. Mwaka 2023 mtafiti Tina Lasisi na wenzake walichapisha jaribio ambalo sanamu lenye joto la mwili lilivishwa mawigi ya aina mbalimbali, likamulikwa kwa taa kali badala ya jua. Nywele za kila aina zilipunguza joto la jua linalofika kichwani, na zilizojikunja sana ndizo zilizopunguza zaidi.

Jambo moja usilichukulie kirahisi. Kidole kikifa ganzi, ngozi ikageuka kijivu na kuwa ngumu, usikisugue wala usikiweke kwenye hita, maana hutahisi kinapoungua. Ingia ndani, kitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, kisha nenda hospitali saa hiyohiyo, hata hisia zikirudi na hata kama ni usiku. Na nitumie picha ya hiyo miguu kesho, nione kama imepauka tu au imeshaanza kuchanika.

Mama yako