Muulize Shangazi: Hela ya Leo, Chakula cha Kesho

Shikamoo Shangazi. Nina watoto watatu: wa kwanza miaka saba, wa pili minne, wa mwisho miezi kumi na mmoja. Tunaishi Makorora hapa Tanga, chumba na sebule. Mume wangu anaendesha bodaboda ya mtu. Siku nzuri anaacha elfu kumi na mbili, siku mbaya elfu saba, na zipo siku anarudi mikono mitupu kwa sababu hesabu ya tajiri imekula yote. Jioni nakaanga mihogo hapa nje, napata faida elfu tatu au nne. Nikijumlisha naona si haba, lakini kila nikiamka sina hata mia tano. Nanunua mafuta ya mia tano, sukari robo, unga nusu, mkaa wa kopo. Bajeti ya mwezi nimeijaribu mara mbili, haivuki tarehe tano. Nifanyeje?
*Mama wa watatu, Makorora*

Marahaba mwanangu. Kwanza liweke kando hilo daftari la bajeti ya mwezi. Limetungwa kwa mtu mwenye mshahara, anayejua tarehe ishirini na tano ataingiza nini. Wewe unaishi kwa siku, nami niliishi hivyohivyo miaka kumi na minane pale Mikanjuni. Marehemu mume wangu alikuwa kibarua bandarini. Meli ikifunga gati tulikula wali na samaki, isipofunga tulikula ugali na tembele, na watoto walikuwa wanne. Kwa hiyo sikulaumu. Nakuonyesha tu hela inapovujia.

Juzi, kabla sijakujibu, nilimtuma mjukuu wangu dukani alete mafuta ya kupima ya mia tano. Nikachukua kijiko cha dawa ya mtoto, kile cha mililita 5, nikayapima kijiko kwa kijiko juu ya meza. Vijiko 14. Hiyo ni mililita 70. Duka hilohilo lita nzima wanauza 5,500. Sasa hesabu nawe: ukinunua vya mia tano mpaka itimie lita, umetoa zaidi ya 7,100. Mwenye duka hajakuibia, naye ana kazi ya kupima na kufunga. Lakini ile 1,600 inayozidi ni yai la mtoto, na unaitoa kila lita bila kuiona. Na wewe ni mkaanga mihogo! Mafuta ndiyo mtaji wako. Ukiyanunua kwa kipimo, sehemu ya faida yako imebaki dukani kabla hujawasha jiko.

Kwa hiyo usianze na kila kitu. Anza na mafuta peke yake. Kila jioni ukimaliza kuuza, kabla hujaingia ndani, toa mia tano uitie kwenye kibubu. Siku kumi na moja una 5,500. Siku hizo kumi na moja endelea kununua cha kupima kama kawaida, utaona ugumu kidogo, vumilia. Siku ya kumi na mbili nunua lita nzima. Kuanzia hapo ile hela uliyokuwa ukipeleka kila siku kwenye kipimo haina kazi tena, nayo itie kibubuni, pamoja na mia tano yako. Sasa tafuta lita ya pili kabla ya ile ya kwanza kwisha, halafu dumu la lita tano. Mafuta yakikaa sawa hamia kwenye sukari, kisha unga, kisha mkaa wa gunia badala ya kopo. Kimoja baada ya kingine. Mimi ilinichukua miezi minne kufika mahali ambapo chakula cha wiki hii kilikuwa kimeshanunuliwa na hela ya wiki iliyopita. Siku ya kwanza mume wangu aliporudi hana kitu na bado tukala, nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu niolewe.

Kibubu kiwe cha mbao, kimepigwa misumari. Simu kwa jambo hili usiitumie: kuweka ni rahisi, kutoa kuna makato, na ndugu akipiga kuomba elfu mbili utamtumia, kwa kuwa kweli unazo. Mchezo nao, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, usiukimbilie sasa. Kijumbe wetu, mkusanyaji wa michango, aliwahi kuondoka na fedha ilipofika zamu yangu, laki mbili na arobaini, nilizozitenga kwa sare za watoto. Ukitaka mchezo, ngoja mpaka uwe na watu wanane unaojua milango yao, na hela itolewe palepale ilipokusanywa, isilale kwa mtu.

Hela ya mihogo usiichanganye na hela ya kula. Tafuta kopo mbili. Ya kwanza ni ya mihogo, mafuta na mkaa wa biashara, humo hatoi mtu hata mtoto akilia pipi. Faida ndiyo inayovuka kwenda kopo la pili.

Kuhusu mkaa, nikwambie ninachofanya mpaka leo. Nina kapu la ukindu, ndani nimelishindilia nguo kuukuu pande zote na chini, katikati nimeacha shimo la kukaa sufuria. Maharage nayaloweka tangu jioni, asubuhi namwaga maji yale, nabandika kwa maji mapya, nayachemsha sawasawa nusu saa. Kisha nafunika sufuria vizuri, naitia kapuni, juu naweka mto na kanga nzito, naondoka. Baada ya saa tatu naifunua bado inatoa mvuke na maharage yameiva. Nayarudisha jikoni dakika chache tu kuyaunga kwa nazi. Mkaa wa saa mbili na nusu umebaki guniani. Nachemsha kilo nzima kwa mara moja, tunakula mara mbili.

Samaki wanunue kwa kalenda ya mwezi wa angani. Wewe ni mtu wa Tanga, unajua, lakini tunasahau. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa hufanya kazi wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa, mashua zinapumzika, na bei inapanda. Basi giza likiingia, shuka soko la samaki la Deep Sea asubuhi na wenzako wawili watatu, nunueni kwa ndoo mgawane. Wa kula leo weka kando, wengine watie chumvi uwaanike juu ya chandarua safi, watoto wawalinde na kunguru. Siku tatu za jua wamekauka, na mbalamwezi ikija una kitoweo kwenye debe. Dagaa mwanao wa miaka minne akimtafuna mzima pamoja na mifupa, hapo umemjengea mifupa na meno kwa bei ndogo kuliko nyama yoyote.

Huyo wa miezi kumi na mmoja, kama unanyonyesha endelea mpaka atimize miaka miwili, usimnunulie maziwa ya kopo. Pampasi mpe ya usiku tu. Tatu kwa siku za mia tano mia tano ni 45,000 kwa mwezi. Moja ya usiku ni 15,000. Mchana kata kanga kuukuu, ndivyo mlivyolelewa wote.

Niandikie tena ukifika kwenye unga.

Bi Shangazi, mimi ni mwanamume, nimeajiriwa hapa mjini, nakaa Duga na mke wangu na watoto wanne, mkubwa ana miaka tisa. Kila asubuhi naacha elfu kumi mezani. Mke wangu anasema haitoshi, na jioni hakuna salio. Mimi nimekulia Muheza, mama yangu alitulea sita kwa hela ndogo sana na hatukulala njaa. Naona mwenzangu hana mkono wa kubana. Nimweleze vipi bila ugomvi?
*Baba wa Duga*

Mwanangu, kabla hujamweleza, nenda wewe sokoni. Sikutanii. Mimi nimekwenda Mgandini asubuhi ya Jumatatu na elfu kumi yako kichwani, nikanunua kama mkeo anavyonunua kwa watu sita. Maandazi kumi ya asubuhi, 2,000. Sukari robo, 800. Majani ya chai, 100. Unga kilo moja na nusu, 2,400. Mchicha mafungu mawili, 1,000. Nyanya na vitunguu, 1,000. Nazi moja, 1,200. Mkaa, 1,500. Jumlisha. Elfu kumi imekwisha, na sijanunua samaki, wala sabuni, wala chakula cha usiku. Kama watoto wako wanalala wameshiba, basi mkeo anafanya kitu ambacho wewe hukioni. Pengine anakopa dukani, pengine anajinyima yeye. Muulize kwa upole.

Na mama yako, Mungu amweke, alikuwa na shamba. Pale Muheza nazi ilidondoka uani, mihogo ilichimbwa nyuma ya nyumba, kisamvu kilichumwa, machungwa mlikula mpaka mkayachoka, kuni mliokota. Hela yake ndogo ilinunua chumvi, sukari, mafuta ya taa na sabuni. Mkeo ananunua hata jani. Usimlinganishe na mtu mwenye minazi.

Sasa wewe una jambo ambalo yule mama wa Makorora hana: mshahara. Mbona unaishi kama kibarua? Siku mshahara unapoingia, nendeni pamoja, wewe na yeye, mkanunue vya mwezi: mchele, unga, maharage, sukari, mafuta, sabuni, majani ya chai, na gesi mtungi ujazwe. Unga wa ngano pia, apike maandazi nyumbani. Viingie ndani siku hiyo. Kisha hela ya kila siku ishuke iwe elfu tano, ya mboga, nazi na kitoweo tu. Hesabu ya mwezi haitapanda, huenda ikashuka, na mkeo hatasimama tena dukani kuomba akope sukari mbele ya majirani. Elfu tano yenyewe mpe ya wiki nzima Jumamosi, mkononi, si mezani. Kuachiwa hela mezani kila asubuhi kama mtoto wa shule kunamchosha mtu mzima.

Jambo jingine: Januari. Ada shule za msingi za serikali iliondolewa, lakini sare, viatu, mikoba na madaftari ni juu yako, na vya watoto wanne havitoki kwenye mshahara mmoja wa Desemba baada ya sikukuu. Mwezi wa kumi nunua viatu, wa kumi na moja mpeleke fundi vitambaa, wakati hana foleni. Mkubwa ana miaka tisa. Sare yake ikiwa fupi, pindo lishushwe; ikimbana, ikifuliwa vizuri anayemfuata ataivaa. Mwambie fundi aache pindo la vidole vinne.

Shangazi, tumepanga nyumba moja wapangaji watatu, LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja. Tunachanga na bado umeme unakwisha haraka, na tarehe moja ndiyo balaa. Tunagombana kila wiki kuhusu nani ana friji.
*Mpangaji, Chumbageni*

Friji ina lawama yake, lakini chanzo kikubwa ni mita kuwa moja. Watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti moja kwa kama shilingi 122 pamoja na kodi. Wa kawaida hulipa kama 356. Ninyi watatu, hata kila mmoja akitumia uniti 50 tu, mita inasoma 150, nyote mmehesabiwa mtumiaji wa kawaida. Hiyo ni kama 53,400. Mngekuwa na mita tatu na kila moja ipo kwenye kundi dogo, jumla ingekuwa kama 18,300. Mwonyesheni mwenye nyumba hesabu hii. Gharama ya kuunganisha mita ni yake, na nyumba yenye mita kila mlango inapangika haraka. Akikataa, fundi awafungie mita ndogo za ndani. Bei ya uniti haitashuka ila ugomvi utakwisha, kila mtu atalipa alichokitumia.

Tarehe moja kinachokatwa ni kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na jengo ni la mwenye nyumba. Mkubaliane aipunguze kwenye pango.

Wakati mnangoja: pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja. Nguo za shule za wiki nzima zipigwe Jumapili mara moja, si kila asubuhi.

Shangazi, unga wa lishe wenye vitu kumi na viwili ni bei kali. Nikisaga mwenyewe nitie nini? Mtoto ana miezi minane.
*Mama Pongwe*

Usitie kumi na viwili. Tumbo la miezi minane halihitaji duka zima kwenye kikombe kimoja. Ulezi au mahindi peke yake yanatosha uji, kisha utamu na nguvu vije wakati wa kupika: maziwa, au tui la nazi, au yai lililopondwa likaiva humo. Mboga, maharage na samaki ale kwenye sahani yake, vilivyopondwa laini. Soya mbichi na karanga mbichi usizisagishe pamoja na nafaka. Soya isiyochemshwa inamsumbua mtoto tumboni.

Na hapa pekee sitaki ubane hela. Karanga zilizosinyaa na mahindi yenye ukungu huuzwa nusu bei sokoni, na ni mama wenye shida wanaoyanunua. Ukungu ule una sumukuvu, na haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Chagua punje moja moja kwenye ungo kabla ya kwenda mashine, iliyobadilika rangi itupe, usimpe hata kuku. Saga kidogo, kilo mbili, utie kwenye kopo kavu lenye kifuniko, maana joto letu la pwani na unyevu haviuachii unga ukae mwezi mzima.