Njia za Kuteleza kwa Skii: Buluu au Nyekundu?

SWALI: Nimekwenda Austria na mume wangu majira mawili ya baridi, nikajifunza kuteleza kwenye theluji kwa skii. Mwezi Februari tunarudi milima ya Alps, safari hii bila mwalimu. Nichague njia zipi? (Msomaji, Raskazone, Tanga)

JIBU: Dada yetu, katika Austria, Uswisi na Italia njia rahisi huwekewa alama ya buluu, za wastani nyekundu na ngumu nyeusi, Ufaransa huongeza kijani kwa wanaoanza. Anza na buluu, kisha nyekundu zilizo pana. Hata hivyo rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa nyekundu ya bonde moja yaweza kuwa nyepesi kuliko ya bonde jingine, na njia uliyoishuka kwa raha saa nne asubuhi huweza kukushinda saa tisa alasiri, theluji ikiwa imechimbuliwa na kurundikana vichuguu. Aliyeteremka kutoka Lushoto hadi Mombo siku ya mvua ananielewa. Kwa hiyo itazame njia ukiwa kwenye lifti, yaani viti vya kamba vinavyopandisha watu mlimani, kabla ya kuishuka, na jioni, miguu ikichoka, usione haya kurudi kijijini kwa lifti.

Mimi ningekuelekeza Cervinia, Italia, yenye njia pana na ndefu. Mzunguko wa Sellaronda, unaopita bonde hadi bonde katika milima ya Dolomites, Italia, nao hupitika kwa buluu na nyekundu, ila ondoka mapema, kwani lifti zikifungwa utabaki bonde la mbali na hoteli yako.