Maswali Yenu: Mheshimiwa Akidanganya Nyie Mnajuaje?

*Shikamoo anko. Nasoma uandishi wa habari mwaka wa pili hapa Morogoro, nikimaliza nataka nifanye hii kazi ya kuhakiki kauli za wanasiasa. Huwa mnaanzia wapi, mnaingia Google tu au kuna mtu mnampigia?*

Marahaba mwanangu. Google ipo ila sio mwanzo, mwanzo ni kupata maneno yenyewe alivyoyasema, sio kile kipande kifupi kilichozunguka WhatsApp maana hapo ndo wengi wanaingizwa mjini, unahangaika kuhakiki kitu ambacho mzee wa watu wala hajakisema. Ukishapata hotuba nzima unaitafuta ofisi yake unawauliza, hii mheshimiwa kaitoa wapi? Mwenye kauli ndo alete ushahidi. Glenn Kessler, aliyeandika safu ya uhakiki ya gazeti la Marekani la Washington Post kuanzia 2011 hadi 2025, alikuwa na kanuni hiyohiyo. Na jiandae, mara nyingi utajibiwa kimya, au utatumiwa linki ambayo hata haisemi alichosema bosi wao.

Halafu simu, usiidharau kabisa. Julai 2017 Trump alihutubia kambi ya skauti kule West Virginia, hotuba ikajaa siasa mpaka wazazi wakalalamika, kesho yake akawaambia gazeti la Wall Street Journal kwamba mkuu wa skauti kampigia simu kumwambia ni hotuba bora kuliko zote walizowahi kupewa. Sasa hapo hakuna takwimu, hakuna ripoti ya kufungua, unafanyaje? Waandishi wakawauliza skauti wenyewe, jamani mlipiga? Wakajibu hawana habari na simu ya hivyo, na mkuu wao alikuwa ameshaomba radhi hadharani kwa waliokwazika. Haikuchukua muda msemaji wa Ikulu ya Marekani akakubali kweli simu haikuwepo, eti watu walimsifia uso kwa uso palepale.

*Mbona mnazungukazunguka? Mara "inapotosha", mara "haina ushahidi". Si mseme tu ni muongo, au mnaogopa? – Msomaji, Mombasa*

Kuogopa kupo dada yangu, sikatai, kesi ya kashfa inakula hela na usingizi. Ila mtu kuwa muongo lazima awe anajua kuwa anachosema sio kweli, na mimi kichwani mwake siingii. Kessler alikuwa anawapa vikatuni vya Pinocchio, yule mwanasesere ambaye pua inarefuka akidanganya, kimoja kwa aliyetia chumvi kidogo, vinne kwa uongo wa mchana kweupe, lakini neno lenyewe "uongo" alilikwepa miaka na miaka, mpaka Agosti 2018 kwenye ile ishu ya hela za kuwanyamazisha wanawake wawili waliodai walitoka na Trump kimapenzi, baada ya wakili wake, Michael Cohen, kukiri mahakamani kwamba Trump ndo alimwagiza.

Na uongo mtupu wala hautusumbui. Balaa ni ule wenye ukweli ndani. Mwaka 2016 kampeni ya Waingereza waliotaka kujitoa Umoja wa Ulaya ilizungusha basi jekundu limeandikwa kuwa wanapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Namba ilikuwepo kweli kwenye hesabu, ila ni kabla ya punguzo ambalo Uingereza ilikuwa inakatiwa hata hela haijatoka, ukilitoa inabaki kama milioni 250, na hapo bado kuna nyingine zilizokuwa zinarudi kwa wakulima wao n.k. Sasa ukisema "muongo" wanakutolea hesabu, wanakuumbua wewe. Ndo maana mamlaka yao ya takwimu ilisema namba ile inapotosha, na Boris Johnson, waziri wao wa mambo ya nje wakati huo, alipoirudia Septemba 2017 mwenyekiti wa mamlaka akamwandikia barua kabisa kwamba anatumia vibaya takwimu. Maneno ya upole lakini hayana pa kutokea.

*Washington Post walimhesabia Trump uongo wote na 2024 kashinda tena. Faida iko wapi? – Msomaji, Kigoma*

Umenishika pabaya ndugu yangu. Ni kweli, kauli 30,573 za uongo au za kupotosha kwa miaka 4 ya muhula wake wa kwanza, na mpango wa kwanza ulikuwa siku 100 tu, wasomaji ndo wakaomba waendelee, nadhani kuna siku walijuta maana siku moja kabla ya uchaguzi wa 2020 alitoa 503 peke yake. Ila kumshusha mtu sio kazi yetu, mpiga kura ana bei ya vitu dukani na mambo yake mengine ya kuangalia, kama alisoma akaamua kupiga hivyohivyo ni haki yake.

Faida mimi naiona huku chini. Kuna msaidizi wa mbunge mmoja, simtaji, siku hizi ananipigia kabla ya hotuba kuuliza namba sahihi ni ipi. Majuzi nikampa, mheshimiwa akapanda jukwaani akasema ileile ya zamani, ila safari hii kaongeza "takriban".